Buufis: Neno la Dadaab na Safari ya Masomo

Wasomali wa kambi za Dadaab, zilizofunguliwa Garissa mwaka 1991 na 1992, wana neno buufis. Asili yake ni kitenzi chenye maana ya kupuliza, kujaza upepo. Kambini humaanisha shauku ya kuhamia ng'ambo, shauku ambayo, kama alivyoeleza mtafiti Cindy Horst, ikikatizwa huweza kumvuruga mtu akili.

Kwa kijana aliyemaliza sekondari, tumaini moja limekuwa mpango wa shirika la WUSC, ulioanzishwa Kanada mwaka 1978, ambao huwapokea wakimbizi wachache vyuoni wakiwa wakaazi wa kudumu. Hapo ndipo safari hii inapoachana na ile ya mwanafunzi wa Nairobi aendaye London. Huyo aghalabu hutarajiwa kurudi. Wa Dadaab huhama. Tena ugeni haumwanzi Toronto. Aliyelelewa kwa Kisomali alikwisha kukomaa katika lugha mbili za kigeni, akatahiniwa Kiswahili pamoja na Wakenya, katika nchi iliyomfunza lugha yake ya taifa bila ya kumpa uraia. Kiswahili hicho husafiri naye. Buufis huwabakia nduguze wa Ifo na Hagadera, wangojeao simu yake.