Santuri, Reli na Besi ya Tabora

Tangu kale Tabora ni njia panda. Mwaka 1857 Burton na Speke walifika hapo, mahali walipopaita Kazeh, wakakuta kituo kikubwa cha misafara baina ya pwani na Ziwa Tanganyika. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, miguu ya wapagazi ilipisha magurudumu, lakini njia ilikuwa takriban ile ile.

Kuanzia mwaka 1933 santuri za GV zilieneza nyimbo za Kuba barani Afrika. Rumba ya Kongo ikafuata. Bendi za Tabora, yaani Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, zilirithi mitindo hiyo. Besi ilishika mwendo wa kigeni, waimbaji wakatia Kiswahili. Kuiga kulikuwa chuo, si aibu.

Lakini muziki wa dansi hutoweka na usiku wake. Uliosalia ni uliorekodiwa katika santuri na katika kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam. Basi anayerekodi leo nyumbani kwake besi ya wimbo wa wengine asidharauliwe: anawaachia wajao ushahidi wa jinsi zama zake zilivyousikia.