Kutoka Nanih Waiya hadi Tuskahoma: Wachoctaw na Baraza Lao

Januari 1830 bunge la jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, lilipitisha sheria iliyougeuza uchifu kuwa kosa. Mchoctaw yeyote, yaani Mwindiani wa taifa la wenyeji wa asili wa eneo hilo, ambaye angejiita chifu au kutenda kazi za chifu angetozwa faini ya hadi dola 1,000 na kutupwa jela hadi miezi 12. Walioitunga sheria hiyo walijua wanachokifanya. Tangu mwaka 1826 Wachoctaw walikuwa wameanza kuandika sheria zao wenyewe, na watu wenye serikali, sheria na polisi ni vigumu kuwahamisha kwa hoja kwamba ni wawindaji wanaozurura porini.

Hawakuwa wawindaji wanaozurura. Walilima mahindi na maharage, wakaishi katika miji, na kilima chao kitakatifu cha Nanih Waiya, katikati ya Mississippi, kilijengwa na mikono ya watu muda mrefu kabla Mzungu hajafika. Nchi iligawanyika katika wilaya tatu, kila moja na chifu wake, na hakuna chifu aliyemwamuru mwenzake. Mtoto alihesabiwa kwa ukoo wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na neno katika malezi yake. Mtu akiuawa, ndugu wa marehemu walidai damu, na damu ikalipwa. Huo ndio ulikuwa mfumo mzima wa jinai.

Mageuzi yalianzia kwa askari. Mkataba wa Doak's Stand wa mwaka 1820, ambao uliwanyang'anya sehemu kubwa ya ardhi, ulikuwa na kifungu kidogo kilichotoa dola 200 kwa mwaka kwa kila wilaya ili iunde kikosi cha wapanda farasi 10. Vijana hao walikamata wezi wa ng'ombe, wakamwaga pombe ya walanguzi, wakacharaza viboko na mara nyingine wakatekeleza hukumu waliyoitoa wao wenyewe papo hapo. Ulikuwa utaratibu mkali, na sidhani kama wilaya zote ziliupenda. Lakini kisasi cha ukoo kilianza kupata mshindani.

Baada ya sheria ile ya Januari, Mkataba wa Dancing Rabbit Creek kati yao na Marekani ulitiwa saini tarehe 27 Septemba 1830. Wachoctaw waliachia ekari zipatazo milioni 11, wakaahidiwa nchi nyingine magharibi ya mto Mississippi, katika eneo ambalo leo ni kusini-mashariki mwa Oklahoma. Greenwood LeFlore, chifu aliyekuwa mstari wa mbele kuukubali mkataba huo, yeye hakuhama. Alibaki Mississippi, akawa seneta wa jimbo lilelile na kujijengea kasri. Wenzake waliondoka kwa makundi kati ya 1831 na 1833, kundi la kwanza likinaswa na baridi kali na theluji huko Arkansas. Inakadiriwa kwamba watu 2,500 hivi walikufa kwa baridi, njaa na kipindupindu.

Katika mkataba ule kulikuwa na kifungu cha nne, na historia yote inayofuata inakizunguka. Kiliahidi kwamba hakuna jimbo wala eneo lolote la Marekani litakalokuwa na haki ya kuwatungia Wachoctaw sheria, na kwamba ardhi yao mpya haitaingizwa kamwe ndani ya jimbo. Waliofika magharibi wakiwa wamezika watoto njiani walikishika kifungu hicho kama hati ya shamba.

Tarehe 3 Juni 1834, mwaka mmoja tu baada ya makundi ya mwisho kufika, walikuwa na katiba. Ndiyo ya kwanza kuandikwa katika nchi ambayo leo ni Oklahoma. Iliweka Baraza Kuu la wajumbe 27 waliochaguliwa na wananchi, pamoja na machifu watatu wenye kura ya turufu, ambayo Baraza liliweza kuitangua kwa theluthi mbili. Wilaya tatu zilipewa majina ya machifu wa zamani: Moshulatubbee, Apukshunnubbee na Pushmataha. Makao makuu yaliitwa Nanih Waiya, jina la kilima walichokiacha nyuma, na mwaka 1838 jumba la Baraza likajengwa hapo kwa magogo, kwa fedha ambazo mkataba ulizitenga. Kesi zilisikilizwa na baraza la wazee wa mahakama. Wanawake, ambao koo zote zilihesabiwa kupitia kwao, hawakupewa kura.

Ukizisoma sheria za miaka ile utaona watu wanaopigana na mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza ni mila zilizoua. Kumwua mtu kwa madai ya uchawi kulitangazwa kuwa mauaji kama mauaji mengine. Pili ni ardhi. Ardhi ilibaki mali ya taifa zima. Raia aliruhusiwa kuzungushia ua eneo analoweza kulilima, akajenga, akauza nyumba na mazao, lakini udongo haukuwa wake kuuza. Masharti yalikuwa machache na ya vitendo: asijenge ndani ya yadi 440, yaani robo maili, kutoka kwa jirani bila ridhaa yake. Hakukuwa na wapima ardhi, hakukuwa na hati. Wamarekani wa wakati ule waliuona utaratibu huu kuwa ushenzi. Mimi nauona kuwa ndiyo sheria iliyofikiriwa vizuri kuliko zote walizopitisha, kwa sababu ardhi isiyo na mwenye kuiuza haiwezi kununuliwa kwa chupa ya wiski.

Mwaka 1842 Baraza, ambalo sasa lilikuwa na Seneti na Baraza la Wawakilishi, liliamua kwamba malipo ya kila mwaka yatokanayo na mikataba yaende shuleni. Shule ya wavulana ya Spencer ilifunguliwa mwaka 1844, na za wasichana zikafuata. Lugha ya Kichoctaw ilikwisha kupata maandishi ya herufi za Kilatini kwa kazi ya wamisionari kama Cyrus Byington, na sheria zikachapwa kwa Kichoctaw na Kiingereza. Raia aliyejua kusoma lugha ya mama yake aliweza kuisoma katiba ya nchi yake. Nchi nyingi za karne ile hazikufikia hapo.

Msomaji wa Afrika hapa atataka kusimama kidogo, na ana haki. Baraza hilihili lilikuwa baraza la nchi yenye watumwa. Wachoctaw matajiri walihamia magharibi na watu weusi waliowamiliki, na watu hao walitembea njia ileile ya mauti. Mwaka 1836 Baraza liliwawekea vikwazo wamisionari waliopinga utumwa na likakataza mtumwa kufundishwa kusoma na kuandika bila ruhusa ya bwana wake. Mwaka 1840 likaamuru weusi huru wasio na damu ya Kichoctaw waondoke nchini. Watu waliofukuzwa kwao kwa sheria walijua vizuri jinsi ya kuandika sheria ya kufukuza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 walijiunga na majimbo ya Kusini, na waliposhindwa mkataba wa 1866 uliwalazimisha kuwaacha huru watumwa. Ulisema pia kwamba wakiwapa uraia ndani ya miaka miwili watalipwa sehemu yao ya dola 300,000 kwa ardhi waliyoitoa, la sivyo fedha hizo zitatumika kuwahamisha weusi kwingine. Miaka miwili ikapita. Weusi hao hawakupewa uraia, wala Washington haikuwahamisha. Walikaa hivyo, si raia wa Marekani kwa vitendo wala wa taifa lile, mpaka mwaka 1883 Baraza lilipowakubali: kura, shule, ekari 40, na ofisi zote isipokuwa ya chifu mkuu na chifu wa wilaya.

Siasa za ndani nazo hazikuwa shwari. Mwaka 1857, huko Skullyville, ilipitishwa katiba iliyofuta machifu wa wilaya na kumweka gavana mmoja. Wengi waliona ni hatua ya kuelekea kumezwa na Marekani, wakakutana Doaksville na kuunda serikali pinzani. Damu ilikaribia kumwagika. Mwafaka ulipatikana katika katiba ya 1860: chifu mkuu mmoja, machifu wa wilaya wakabaki, na mahakama za ngazi tatu. Katiba hiyo ndiyo iliyotawala mpaka mwisho. Chifu mkuu wa kwanza chini yake alikuwa George Hudson.

Makao makuu yalihama mara kadhaa, kutoka Nanih Waiya hadi Doaksville, kisha Chahta Tamaha, na mwishowe, mwaka 1884, Tuskahoma. Hapo walijenga jumba la matofali mekundu la ghorofa mbili, lenye ukumbi wa Seneti, wa Wawakilishi na wa Mahakama Kuu. Bado limesimama bondeni, chini ya vilima vyenye misonobari, na siku hizi ni makumbusho. Kila mwaka wakati wa sikukuu ya wafanyakazi, mwanzoni mwa Septemba, Wachoctaw hukusanyika uwanjani mwake kwa maelfu.

Katika jumba hilo vyama viwili vilipimana nguvu. Wapenda mageuzi waliitwa Tai, wazalendo wa kale waliitwa Tumbusi. Uchaguzi wa Agosti 1892 kati ya Wilson Jones wa Tai na Jacob Jackson wa Tumbusi ulikuwa wa kukaribiana mno, na mwezi uliofuata kundi la Tumbusi liliwaua wafuasi kadhaa wa upande wa pili. Silan Lewis, mmoja wao, alihukumiwa kifo kwa mauaji hayo. Kwa muda mrefu wa karne ile taifa halikuwa na jela za kuaminika, hivyo desturi ilikuwa kumwachia aliyehukumiwa arudi kwake hadi siku yake. Lewis alirudi nyumbani. Tarehe 5 Novemba 1894 alikuja mwenyewe mahakamani karibu na Red Oak, akavuliwa shati, akaketishwa chini, akalengwa moyo. Risasi haikupita moyoni. Alikuwa akigugumia bado, na mwishowe walimziba pua na mdomo mpaka akafa. Magazeti ya Marekani yaliitumia habari hiyo kudai kwamba serikali ile haistahili kuwepo. Hayakusema sana juu ya mtu aliyeuweka rehani uhai wake kwa ahadi, akaitimiza.

Hatari kubwa zaidi haikutoka kwa Tumbusi wala Tai. Reli ilipita mwaka 1872, na makaa ya mawe yakaanza kuchimbwa. J. J. McAlester, Mzungu aliyeoa mwanamke wa kabila jirani la Chickasaw, alipata haki za raia kwa ndoa hiyo, na katiba ilimpa raia aliyegundua madini haki ya kuyachimba maili moja pande zote. Chifu mkuu Coleman Cole aliona madini ni ya taifa, na inasimuliwa kwamba alitaka McAlester auawe. Baadaye taifa na wagunduzi waligawana mrabaha. Baraza likakaza masharti ya ndoa: kwa sheria ya 1875, mgeni mweupe aliyetaka kuoa alihitaji leseni ya dola 25, kiapo, na ushahidi wa tabia njema uliosainiwa na Wachoctaw 10 wa damu. Lakini wachimbaji, wakulima wapangaji na wafanyabiashara waliendelea kumiminika kwa vibali, na mahakama za Wachoctaw hazikuwa na mamlaka juu yao. Mgeni akiua, alipelekwa mahakama ya Marekani huko Fort Smith, Arkansas. Miaka ya 1890 raia walikuwa wachache nchini mwao, na wageni walio wengi, wasio na kura wala ardhi, waliililia Washington.

Kabla ya hapo Peter Pitchlynn, aliyetumwa na Baraza Washington tangu 1853, alimaliza miaka mingi ya uhai wake huko akidai fedha za ardhi ya Mississippi. Alifariki huko mwaka 1881. Miaka mitano baadaye Mahakama Kuu ya Marekani iliamua Wachoctaw walipwe karibu dola milioni 2.9, na mawakili wakachukua fungu nono.

Mwaka 1897 wajumbe walisaini Makubaliano ya Atoka, na mwaka 1898 Sheria ya Curtis ikayatia nguvu. Ardhi ya taifa ikagawanywa: wastani wa ekari 320 kwa kila Mchoctaw, 40 kwa kila mweusi aliyeachiwa huru. Maamuzi ya Baraza juu ya ardhi na fedha yakahitaji saini ya rais wa Marekani. Kilichokuwa hakiwezi kuuzwa sasa kiliuzwa, na kwa bei ya kutupwa. Novemba 1907 Oklahoma ikawa jimbo, kinyume cha kifungu cha nne. Kwa miongo kadhaa machifu wakateuliwa na Washington, mpaka sheria ya 1970 iliporudisha uchaguzi.

Katiba ya sasa ni ya 1983, na Baraza la leo lina wajumbe 12. Aprili 2021 mahakama ya rufaa ya jinai ya Oklahoma ilikubali kwamba eneo la hifadhi ya Wachoctaw halikuwahi kufutwa kisheria, hivyo, kwa uamuzi huo, jimbo halikuwa na mamlaka ya kumshtaki Mwindiani kwa kosa lililotendeka humo. Katiba hiyohiyo ya 1983 inatoa uraia kwa wenye nasaba ya damu katika orodha za ugawaji wa ardhi, lakini wale waliopata ekari 40 waliandikwa katika orodha nyingine. Wazao wao wanaendelea kubisha hodi barazani.