Machungwa ya Ukerewe, Ngoma ya Kikerewe

Sokoni Mwanza huuzwa machungwa ya Ukerewe, kisiwa kilicho ndani ya Ziwa Victoria. Muuzaji akiyaita ya Kikerewe, wateja watacheka. Ngoma, kinyume chake, ni ya Kikerewe hata ikichezwa Dar es Salaam. Kiswahili kimetenganisha mahali na namna: chungwa linadai udongo tu, ngoma inadai watu walioirithi. Utata uko kwa binadamu, maana m- ya Mkerewe haisemi kama ni mzaliwa wa kisiwa au mrithi wa mila. Naamini jina hili lilikuwa la mahali kwanza, damu ikafuata nyuma. Wenyeji wenyewe husema Bukerebe na Abakerebe. Waswahili wa misafara wakalainisha b ikawa w, kisha wakalitandaza jina juu ya maji yote. Waarabu wa Kazeh, yaani Tabora ya leo, walipomweleza msafiri Mwingereza Speke habari za ziwa la kaskazini, waliliita Ukerewe. Agosti 1858 Speke akafika ufukweni Mwanza, akalipachika jina la malkia wake. Kisiwa kikarudishiwa jina lake, ziwa likabaki na la kuazima.

Wapo watakaopinga: kisiwani wanaishi Wajita, Wakara na Wasukuma, na Mjita wa mjini Nansio akiulizwa kabila atajibu Mjita, si Mkerewe. Ni kweli, na pingamizi hili ni zito. Lakini linahusu matumizi ya sasa, tangu ukoloni ulipozoea kuandika kila mtu chini ya kabila moja. Mapokeo ya Wakerewe husimulia kwamba ukoo wa kifalme wa Wasilanga ulitoka Ihangiro, ng'ambo ya magharibi. Ikiwa watawala wenyewe waliingia kwa mtumbwi na bado wakawa Wakerewe, basi mlango wa jina haukufungwa kwa damu. Uliobana ni ule wa ki-, na hapo wapinzani wangu wana haki. Kwa mfano, mwandishi Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe. Ilitoka 1980 kwa Kiswahili, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, na hadi leo wasomaji huiita riwaya ya Kikerewe, ingawa wengi wao hawajawahi kuvuka kwa kivuko cha Rugezi kwenda kisiwani.