Amri ya Kunusuru

Mwanafunzi wa kidato cha nne akilitafuta neno "conservatory" katika kamusi ya Kiingereza, ataambiwa kwanza ni chumba cha vioo kilichoshikana na nyumba, cha kuoteshea mimea isiyopenda baridi. Akiteremka kidogo atakuta chuo cha muziki. Ataziandika maana zote mbili kwenye daftari la msamiati na kuzikariri, na taarifa ya habari ya jioni hiyo hiyo itampita kando, kwa sababu huko jaji ametoa "conservatory order" na hakuna kioo wala gitaa linalotajwa.

Wakulima wa muguka wa Mbeere, kaunti ya Embu, walilipata neno hilo kwa njia nyingine. Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka kuingizwa, kusafirishwa na kuuzwa katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta nazo zikafuata. Muguka ni majani ya kutafuna. Yakishachumwa hufungwa kwenye mifuko na kupakiwa haraka, kwani jani lililonyauka halina mnunuzi. Kesi ya kikatiba kwa upande wake huweza kula mwaka na zaidi. Hata kama korti ingekuja kusema kwamba magavana wa Pwani walikosea, hukumu hiyo ingemkuta mkulima amekwisha kung'oa mimea yake, au ameuza shamba alipe karo. Kabla mwezi haujaisha, Mahakama Kuu ya Embu ikatoa amri ya kusimamisha marufuku hayo hadi kesi isikilizwe. Kama muguka unawadhuru vijana au hauwadhuru, hilo liliachiwa kesi yenyewe.

Amri ya aina hii imetajwa kwa jina katika ibara ya 23 ya Katiba ya Kenya ya 2010, kwenye orodha ya nafuu ambazo korti inaweza kumpa mtu aliyevunjiwa haki zake. Katika orodha hiyo hiyo limo zuio, kila moja na kipengele chake. Walioandika Katiba waliviona kuwa vitu viwili. Kiswahili cha redio na magazeti hakijali sana tofauti hiyo: leo utasikia "zuio", kesho "agizo la muda", keshokutwa "amri ya kusitisha", na mtaani ni "oda" tu, oda imetoka. Oda ipi? Hapo ndipo msikilizaji anapoachwa njiani.

Tofauti yenyewe ilifafanuliwa katika kesi ya Meru. Mahakama ya Rufani ilikuwa imebatilisha ushindi wa Gavana Peter Munya wa 2013, naye akakimbilia Mahakama ya Juu. Lau uchaguzi mpya ungeitishwa wakati rufaa inasubiri zamu, kiti kingekuwa na mwenyewe mwingine kabla majaji hawajasema neno. Aprili 2014 Mahakama ya Juu ikampa Munya amri hiyo, na katika uamuzi wake ikaeleza kwamba amri za namna hii zina uzito wa sheria ya umma: hutazama utendaji wa taasisi za umma na maadili ya Katiba, kuliko ugomvi wa watu wawili juu ya mpaka wa shamba. Mwombaji ana maswali matatu ya kujibu. Je, rufaa yake ina hoja ya kubishaniwa? Je, asipopewa amri, rufaa itakuwa "nugatory"? Je, manufaa ya umma yanaelekea wapi?

Hilo "nugatory" ni aina ya neno ambalo watoto hulipamba kwenye insha ili mwalimu aone wamesoma. Kiswahili hakina haja ya kulihangaikia. Ni "bure". Rufaa isije ikawa bure. Mei 2014 Munya alishinda, na kiti chake kilikuwa bado kipo.

Sasa tafsiri. "Zuio" lina kazi yake tayari, na halitoshi, kwa sababu Munya hakuzuiwa chochote. "Kinga" imeshachukuliwa na rais asiyeweza kushtakiwa. "Hifadhi" ndiyo tafsiri ya neno kwa neno, na ndiyo itakayomvutia mfasiri mvivu, ila mkimbizi wa kisiasa anaimiliki tangu zamani. "Amri ya kuhifadhi hali ilivyo" inasikika vizuri mpaka uipeleke Mombasa: hali ilivyo ni ipi, ya kabla ya marufuku au ya baada? Askari wa kaunti aliyesimama kizuizini angeisoma apendavyo. Na kusoma apendavyo si jambo la kubuni. Embu inakumbuka mwaka 2014, bunge lake la kaunti lilipopiga kura ya kumwondoa Gavana Martin Wambora, wa kwanza nchini kuondolewa hivyo. Ubishi wa kama amri ya korti ilipuuzwa ulisukumwa hadi Mahakama ya Juu na kuamuliwa 2017.

Mimi napendekeza "amri ya kunusuru". Kunusuru ni kukiwahi kitu kinachoelekea kuangamia, na ndiyo kazi ya amri hii, iwe ni kiti cha gavana au mifuko ya majani. Ubaya wake ni kwamba neno lina harufu ya ushindi, kana kwamba aliyenusuriwa kapona. Meru ilishaonja utata huo. Agosti 2024 Seneti iliidhinisha kuondolewa kwa Gavana Kawira Mwangaza, Mahakama Kuu ikatoa amri, naye akabaki ofisini. Machi 2025 mahakama hiyo hiyo ikaitupa kesi yake, na naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa. Aliyekuwa ameisikia amri kama ushindi aliona korti imegeuka, ilhali korti ilikuwa imemaliza tu ilichoanza. Kwa hiyo mwandishi wa habari anapoitaja mara ya kwanza aiandike yote, "amri ya kuinusuru kesi", ili ijulikane ni nini kinachonusuriwa. Mara ya pili anaweza kuifupisha.