Nintendo ya Puge ilikuwa mashine gani?

Semina ya historia ya biashara wiki hii imetuachia ubishi mpaka hosteli. Mada ilikuwa merikani, kile kitambaa cha pamba kilichopanda na misafara kutoka Bagamoyo mpaka Tabora. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865) vilipokausha soko, vitambaa vya Uingereza na Bombay vikajaza pengo, lakini jina likabaki merikani. Jamaa mmoja wa Dar akadakia: "Kama Nintendo zenu za Puge, feki tupu!" Watu wakacheka mbavu hawana.

Kwa msioijua, Puge iko Nzega, kwenye barabara ya kwenda Tabora. Gemu tulichezea kibanda umiza, TV ya chogo, kaseti ya njano iliyoandikwa gemu 9999. Ukizihesabu vizuri ni chache tu, zinajirudia kwa majina mengine. Pedi ya pili haina Start wala Select, kwa hiyo mdogo ndiye anapewa hiyo. Picha ikigoma unachomoa kaseti, unapuliza, unarudisha.

Sasa tuje kwenye historia yenyewe. Nintendo walitoa Famicom huko Japani Julai 1983. Kaseti yake ina pini 60, na ndani ya mashine hakuna kufuli lolote. Walipoipeleka Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES waliibadili: kaseti ikawa na pini 72, na ikawekwa chipu ya kukagua kama kaseti imeidhinishwa na kampuni. Walioiga huko Taiwan na China wakaifuata zaidi ile ya Kijapani, kwa sababu haikuwa na mlinzi mlangoni. Ndiyo maana kaseti za NES ya Marekani hazingeingia kwenye mashine zetu hata ungezisukuma kwa nyundo.

Lakini kuiga kulikuwa na tatizo, na hapa ndipo jamaa wa Dar anapokosea. Japani na Marekani zilitumia televisheni ya NTSC, takriban picha 60 kwa sekunde. Huku kwetu ilikuwa PAL, picha 50. Zanzibar ilianza na PAL ya rangi mwaka 1973, Bara tukaja kupata vituo vyetu mwaka 1994. Gemu za Famicom huhesabu muda kwa picha, kwa hiyo ukiipeleka PAL lazima kitu kiharibike. Nintendo walipotengeneza NES ya PAL kwa ajili ya Ulaya, kichwa chake kilishuka mpaka megahezi 1.66 kutoka 1.79. Gemu ambayo haikurekebishwa ilienda polepole, muziki ukawa mzito, na nyingine zikavurugika kabisa.

Kampuni ya UMC ya Taiwan ilipita njia nyingine. Chipu zao za PAL, UA6527P na UA6538, zilipiga megahezi 1.77, karibu sawa na Japani. Zile mistari za ziada za picha ya PAL wakazipanga ili gemu isizigundue, iendelee kuamini iko kwao. Matokeo yake kaseti ya Kijapani inacheza bila kuguswa hata herufi moja, na sauti zinabaki karibu na kimo chake. Kwa kazi hiyo moja, mimi nasema mwigaji alimzidi mwenye mali.

Mwendo tu ndio hawakuuponya: picha 50 badala ya 60, yaani tano ya sita. Mario wa mashine hizi anaruka taratibu kuliko Mario wa mtoto wa Tokyo. Halafu wakabadilishana, sijui kwa kusudi au bahati mbaya, maumbo mawili ya wimbi la sauti, kwa hiyo baadhi ya milio ina ladha ya pekee. Ukisikia ile ya asili kwenye kompyuta unaona kama wamekosea wao!

Mashine hizi zilienda mbali. Warusi walipata Dendy mwaka 1992, Wapolandi wakaiita Pegasus. Baadaye chipu zote zikabanwa kuwa moja, wakaifunika kwa tone jeusi la gundi, na gamba likawa lolote: Mega Drive, hata PlayStation. Ile PolyStation ndiyo kiboko. Unafungua kifuniko cha CD, ndani hakuna cha CD wala nini, kuna tundu la kaseti.

Kinachoniuma ni kwamba zinaisha. Nilipokuwa nyumbani likizo nilikuta moja imekatwa waya kwa ajili ya shaba, gamba wanachezea watoto, na bodi ilishauzwa skrepa kwa kilo. NES za Marekani zina watoza, zina bei, zina vitabu. Hizi zetu hakuna anayeandika hata namba.

Kwa hiyo Krismasi hii, mkienda makwenu, kuna kazi. Tafuta bisibisi ya nyota, fungua, angalia ndani. Ukikuta tone jeusi, ni ya kizazi cha baadaye. Ukikuta chipu mbili kubwa zenye miguu 40, futa vumbi, soma maandishi yake, niandikie. Na tafadhali usiiuze kabla sijafika.