Sauti Sol, kundi la Kenya lililokulia jukwaani

Sauti Sol ni kundi la muziki wa pop kutoka Nairobi, lililoanzishwa mwaka 2005 na vijana watatu waliosoma pamoja katika Shule ya Upper Hill: Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi. Mpiga gitaa Polycarp Otieno alijiunga nao baadaye kidogo. Neno la pili katika jina lao ni la Kihispania, lenye maana ya jua.

Hapo awali waliimba pasipo ala yoyote. Uimbaji wa namna hiyo haumpi mtunzi mahali pa kujificha: ubeti ukiwa dhaifu, hadhira huutambua papo hapo. Albamu yao ya kwanza, Mwanzo, ya mwaka 2008, ina alama za malezi hayo, yaani sauti zilizopangwa kwa makini, gitaa kavu na maneno ya Kiswahili yanayosikika vyema.

Live and Die in Afrika (2015), waliyoitoa wenyewe, ilizidisha midundo ya kudensi. Hata hivyo, humo ndimo ulimo "Kuliko Jana", walioimba na kwaya ya RedFourth Chorus. Kwa maoni yetu, ndio ulioonyesha kwamba sauti ya mwanadamu bado ilikuwa mtaji wao mkuu.

Midnight Train ilifuata mwaka 2020, safari hii kupitia kampuni ya Universal. Novemba 2023 waliwaaga mashabiki katika tamasha la Sol Fest jijini Nairobi, wakapumzika kwa muda usiojulikana.