Uvimbe sugu wa utumbo na tiba za kinga: Kwale

Uvimbe sugu wa utumbo ni jina la jumla la magonjwa mawili makuu, Crohn na kolaitisi ya vidonda, ambayo ndani yake kinga ya mwili huwaka dhidi ya bakteria wa kawaida wa tumboni na kuujeruhi utumbo wenyewe. Tangu 1998 infliksimabu, dawa ya kutiwa mshipani inayozuia protini ya TNF, imewaokoa wagonjwa wengi walioshindikana kwa steroidi. Lakini katika pwani ya Kwale, Kenya, kuanzia Diani hadi Msambweni, kabla ya kuuliza ni dawa gani itaituliza kinga, lazima tuulize kinga hiyo imezuia nini. TNF ndiyo inayoshikilia vifundo vya seli vilivyowafungia bakteria wa kifua kikuu. Ikizuiwa, ugonjwa uliolala huamka. Mwaka 2001 viliripotiwa visa 70 vya kifua kikuu kwa watu waliotibiwa kwa infliksimabu. Isitoshe, kifua kikuu cha utumbo hupenda kukaa mwisho wa utumbo mwembamba, karibu na kidole tumbo, pale pale Crohn inapopenda, na yote mawili huleta maumivu, homa na kukonda. Ugonjwa ukipewa jina lisilo lake, mgonjwa hutulizwa na steroidi kwa muda huku bakteria wakienea.

Yupo atakayesema kwamba Crohn ni nadra huku, basi kwa nini tuhangaike? Huenda ni nadra kweli, ila ugonjwa unaohitaji darubini ya utumbo na kipande cha nyama kupelekwa maabara hauonekani katika zahanati, ambako anayehara damu kwa kawaida hupewa dawa ya amiba. Pingamizi nzito zaidi ni ya minyoo. Mwaka 2005, katika majaribio ya mtafiti Joel Weinstock na wenzake huko Iowa, watu 13 kati ya 30 wenye kolaitisi waliokunywa mayai ya mnyoo wa nguruwe walipata nafuu, dhidi ya 4 kati ya 24 waliopewa dawa bandia. Mwaka 2016 ikaonekana kwa panya kwamba minyoo huwapunguza baadhi ya bakteria wanaochochea uvimbe. Je, kampeni za dawa za minyoo zinatuvua ngao? Sikubali. Majaribio makubwa ya mayai hayo kwa wenye Crohn yaligonga mwamba mwaka 2013, ilhali hasara ya minyoo ya safura haina shaka: inamnyonya damu mama mjamzito na mtoto. Utafiti wa TUMIKIA, uliofanyika Kwale, ulionyesha kwamba kuitibu jamii nzima mara mbili kwa mwaka kuliishusha safura kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2 katika miaka miwili. Kuwatibu wanafunzi peke yao kuliishusha kutoka 18.6 hadi 13.8 tu. Hayo ni mafanikio ya kulindwa.

Hata hivyo, daktari asimwone mtu aliyemeza albendazoli ya kampeni kuwa amesafika. Dozi moja haimwondoi kwa uhakika mnyoo wa strongiloidi, ambaye akikuta steroidi huzaliana mwilini hadi kuua; huyo anahitaji ivermektini, na aitumie kabla kinga haijashushwa.